Mti wa Krismasi Mombasa: Namna ya Kuchagua Kati ya Mti Halisi na wa Plastiki

Kila Novemba inapokaribia kwisha, wanaonunua mti wa Krismasi kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale. Ninunue wa plastiki au nitafute mti wenyewe? Mti unaoletwa kutoka bara utafika ukiwa mbichi, au utakuwa umeshageuka kuni? Mvinje wafaa? Na huo wa dukani utakaa miaka mingapi kabla kutu haijaumaliza? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, na umeandikwa kwa ajili yako wewe unayeishi kisiwani au ng'ambo yake, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, katika nyumba ya kupanga ya ukubwa wa kawaida, bila bustani wala gari la mizigo.

Ushauri mwingi kuhusu jambo hili umetoka nchi za baridi, ambako mti uliokatwa huweza kukaa sebuleni wiki nne bila kupukutika. Kwetu Desemba ni wakati wa kaskazi, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, usiku haupoi vya kutosha, na hewa imebeba chumvi. Joto huukausha mti halisi, na chumvi ikishirikiana na unyevu huula mti wa plastiki kupitia vyuma vyake. Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa familia nyingi za Mombasa, mti wa plastiki ulio imara au mti hai uliopandwa katika chungu ndio ununuzi wenye maana. Mti uliokatwa unamfaa tu aliye tayari kuununua katika juma la mwisho kabla ya sikukuu na kuutilia maji kila siku.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Kwa kila aina ya mti utahitaji futikamba, mshipi wa kuvulia wa kufungia mti usianguke, taa za LED zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 240, na kitambaa au leso kuukuu ya kutandika chini ya mti.

Ukichagua mti uliokatwa, ongeza ndoo imara ya lita 20, mchanga wa kutosha kuijaza, kokoto au vipande vya matofali, msumeno, na maji matamu. Nasema maji matamu kwa sababu nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima yenye chumvi kwa kuogea na kufulia, na maji hayo hayafai kwa mti uliokatwa wala kwa mti wa chungu. Tenga mtungi mmoja wa maji ya kununua kwa kazi hii.

Ukichagua mti wa plastiki, ongeza mafuta ya cherehani, shuka kuukuu la kuufungia, na sanduku la plastiki lenye kifuniko au angalau mahali pakavu pa kuuhifadhi. Asiye na mahali pa kuuhifadhi kwa miezi kumi na moja asinunue mti wa plastiki. Hilo ni sharti ambalo wengi hulikumbuka Januari.

HATUA KWA HATUA

1. Hesabu siku ambazo mti utasimama, na siku ambazo utakuwapo nyumbani.

Anza na kalenda kabla ya kwenda sokoni. Wako wanaopamba tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na kuuacha mti hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Hiyo ni zaidi ya mwezi mzima, na hakuna mti uliokatwa utakaovumilia muda huo katika sebule ya Mombasa. Wako pia wanaopamba mkesha wa Krismasi na kushusha kila kitu baada ya Mwaka Mpya. Hao wanaweza kuufikiria mti halisi bila wasiwasi mkubwa.

Jiulize vilevile kama utasafiri. Familia nyingi zenye asili ya bara huondoka Mombasa siku chache kabla ya sikukuu, kwa treni au kwa basi, na nyumba hubaki imefungwa madirisha kwa wiki mbili. Nyumba iliyofungwa kwa joto hili ni tanuri, na mti uliokatwa ukiachwa humo bila maji utaukuta umekauka kabisa. Ikiwa utasafiri kabla ya tarehe 25, suala la mti uliokatwa limekwisha hapo. Ruka hadi mti wa plastiki.

2. Pima nafasi, na usiisahau feni.

Pima kutoka sakafuni hadi darini, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye mabapa ya feni ya dari, kwa kuwa kipimo hiki cha pili ndicho chenye maana katika nyumba zetu. Mti utasimama pembeni mwa chumba, lakini nyota ya juu na tawi lililochomoza vinaweza kufika mahali ambapo bapa linazunguka, hasa katika sebule ndogo ambamo pembe na katikati havipishani sana. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya ncha ya mti na dari, na nusu mita kamili kati ya mti na mzunguko wa feni.

Upana nao upimwe. Mti wa plastiki wa futi 6 mara nyingi huwa na upana wa futi 3 hadi 4 chini, na katika sebule yenye kochi, meza na runinga, futi 4 ni njia ya kupita iliyozibwa. Kwa nyumba ya vyumba viwili, mti wa futi 4 au 5 hutosha. Nyumba za kale zenye dari za juu zinaweza kubeba futi 7, ila hakikisha kwanza kwamba ngazi yake ni pana kiasi cha kupitisha mti halisi wa kimo hicho bila kuvunja matawi.

3. Chagua aina.

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na machaguo yaliyopo Mombasa ni manne, wala si mawili kama wengi wanavyodhani.

Msaipresi uliokatwa. Huu ndio mti ambao Wakenya wengi huuita mti wa Krismasi, na hustawi nyanda za juu zenye baridi. Ukiletwa Mombasa umesafiri kilomita zipatazo 480 kutoka Nairobi peke yake, aghalabu juu ya lori, ukipigwa na upepo njia nzima. Harufu yake ni nzuri kuliko miti mingine yote iliyotajwa hapa, matawi yake ni manene na yanaficha nyaya za taa, na bei yake kwa msimu mmoja huwa nafuu. Udhaifu wake ni mmoja tu, nao ni mkubwa: unapofika mikononi mwako umeshapoteza sehemu ya maji yake, na hali ya hewa itakayoupokea ni kinyume cha ile iliyoukuza. Hesabu siku saba hadi kumi za kupendeza ukiutunza, na pungufu ya hapo usipoutunza.

Mvinje uliokatwa. Mti huu ni wa kwetu Pwani. Vijani vyake virefu kama sindano kwa hakika ni vijiti vya kijani vyenye pingili, na vile vigololi vyake vyenye miiba humfanya mgeni adhani ni msonobari, ingawa hauhusiani nao. Ukiwa hai ni mti mgumu ajabu: mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo ya saruji ya Bamburi, palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe, mvinje ndio uliokubali na kutayarisha ardhi kwa ajili ya mingine. Ukishakatwa, hata hivyo, ugumu huo haukusaidii, kwani matawi yake membamba hulegea upesi na hayabebi mapambo mazito. Faida yake ni kwamba unapatikana karibu. Wakulima wa Kilifi na Kwale hupanda mvinje kwa ajili ya nguzo za ujenzi, na wanapovuna nguzo, kilele chenye matawi hubaki kama taka. Ukimwomba muuza nguzo kilele cha futi 5 siku moja kabla, utapata mti uliokatwa asubuhi ile ile kwa bei ndogo, jambo ambalo mti wa bara hauwezi kukupa.

Araukaria katika chungu. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk katika bahari ya Pasifiki, na kwa sababu hiyo huvumilia upepo wa chumvi na joto letu vizuri. Hupatikana katika vitalu vya miche kandokando ya barabara, una matawi yaliyopangika kwa ngazi, na hukua polepole ukiwa kwenye chungu, kwa hiyo mti mmoja unaweza kukuhudumia Krismasi kadhaa huku miezi iliyobaki ukiwa pambo la baraza. Matawi yake hayabebi vitu vizito, na bei ya mti wenye futi 4 inaweza kumshtua asiyeizoea. Kwangu mimi huu ndio mti halisi unaofaa kuliko yote kwa Mombasa, na nashangaa kwamba wengi hupita mbele yake kila siku wakidhani ni ua la bustani za hoteli.

Mti wa plastiki. Hauhitaji maji, haupukutiki sana, na unaweza kusimamishwa Novemba bila hofu. Gharama yake igawanye kwa miaka utakayoutumia. Mti wa bei ya juu unaodumu miaka kumi huwa rahisi kuliko wa bei ya chini unaotupwa baada ya mwaka wa pili. Hesabu hiyo inahusu mazingira pia: Carbon Trust, shirika la Uingereza linalopima uchafuzi wa hewa ya kaboni, ilikadiria kwamba mti wa plastiki wa mita 2 unabeba uzito wa hewa hiyo wa kilo 40 hivi, zaidi ya mara 10 ya mti halisi wa kimo hicho unaochomwa baada ya sikukuu. Kwa hiyo anayeununua kwa msimu mmoja au miwili ameharibu fedha na mazingira kwa pamoja.

Tahadhari: usikate mti popote unapouona. Kukata katika msitu wa serikali bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya ni kosa. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, haiguswi kamwe. Mivinje ya ufukweni nayo inashikilia mchanga, na karibu kila mmoja una mwenyewe hata kama hauoni uzio.

4. Kagua kabla ya kulipa.

Kwa mti uliokatwa, vuta tawi kati ya vidole viwili kuelekea kwenye ncha. Vijani vichache vikibaki mkononi ni kawaida, vikijaa kiganja achana nao. Kunja kijiti chembamba: kikipinda bila kukatika bado kina maji, kikivunjika kwa mlio mti umekwisha. Unyanyue mti, kwa kuwa mti mbichi ni mzito kuliko unavyotazamiwa, kisha ugonge kitako chake chini mara moja na utazame kinachoanguka. Kumuuliza muuzaji umekatwa lini ni adabu tu. Sokoni kila mti umekatwa jana.

Kwa araukaria, tazama kileleni. Ncha ya kati lazima iwe nzima, kwani iliyokatika hairudi sawasawa na mti hupoteza umbo lake. Tazama pia tundu za chini ya chungu; mizizi mingi iliyotoka nje inaonyesha mti umekaa humo muda mrefu mno na utahitaji chungu kikubwa zaidi.

Mti wa plastiki ndio wenye mengi ya kukagua, na ukaguzi wake haufanyiki kwa picha iliyo juu ya sanduku. Mwambie mwenye duka kwa upole, "Kaka, nifungulie nihesabu vipande," na ukijibiwa "Mama, hilo jipya, halijaguswa," shikilia ombi lako, kwa maana ni jipya kwako lakini huenda limekaa ghalani misimu miwili. Harufu ya ukungu na madoa ya maji kwenye karatasi ya sanduku ni dalili kwamba vyuma vya ndani vimeanza kuharibika. Angalia vitu vinne: bawaba za matawi zisiwe na unga mwekundu, rangi ya bomba la katikati isichubuke kwa ukucha, miguu iwe ya chuma na iwe mitatu au minne iliyotanuka, na skrubu zote za kukazia ziwepo.

Kuhusu majani yenyewe, ya bei nafuu hukatwa kutoka karatasi nyembamba ya PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji, na kusokotwa kwenye waya, hivyo huwa bapa na hulala yakikunjwa. Yaliyofinyangwa kwa polithini yana unene na mzunguko kama jani la kweli, na hurudi mahali pake ukiyabonyeza. Miti mingi mizuri huchanganya yote mawili, ya polithini yakiwa nje na ya PVC yakijaza ndani, na mchanganyiko huo unatosha kabisa. Linganisha idadi ya ncha za matawi iliyoandikwa kwenye sanduku kwa miti ya kimo kimoja. Wenye ncha nyingi ndio uliojaa. Miti ya zamani ya PVC iliyorithiwa ishughulikiwe kwa uangalifu ikiwa nyumbani kuna watoto wachanga, kwa sababu baadhi ilitengenezwa kwa kuchanganywa na risasi, na plastiki ikichakaa huacha vumbi.

5. Usafirishe bila kuuumiza.

Sanduku la mti wa plastiki huingia katika tuktuk. Mti uliokatwa uufunge kwa kamba kuanzia chini kwenda juu, matawi yakiwa yameelekezwa kileleni, uufunike kwa gunia au shuka lililoloweshwa, na uuchukue asubuhi au baada ya alasiri. Kwa wanaovuka Likoni, foleni ya feri ikiwa ndefu mti utakaa juani pamoja nawe, kwa hiyo usipange safari hiyo mchana. Usiufunge kwa mifuko ya plastiki: mbali na marufuku ya mwaka 2017 ya mifuko hiyo, mti uliofungwa kwa plastiki katika joto hili huchemka.

6. Usimamishe imara.

Mti uliokatwa ukishafika, kata tena kitako chake kwa msumeno, sentimita 2 au 3, mkato ulionyooka usio wa mshazari. Mkato wa kwanza umeshajiziba na haunyonyi tena. Usichonge shina wala kulimenya ganda ili liingie katika ndoo ndogo, kwa kuwa maji hupanda zaidi kupitia tabaka za nje. Utie majini mara moja, hata kabla ya kupanga mahali pake.

Kisha tia kokoto chini ya ndoo, simamisha shina katikati, jaza mchanga ukiushindilia kwa mkono kidogo kidogo, na uloweshe mchanga mpaka ulainike. Ndoo ukiifunika kwa leso hakuna atakayejua ni ndoo ya rangi ya ukutani.

Mti wa plastiki uunganishe kuanzia chini, na kabla ya kuongeza sehemu ya pili kunjua matawi yote ya sehemu ya kwanza, moja juu, moja kulia, moja kushoto, mpaka waya wa katikati usionekane. Kazi hii huchosha na ndiyo inayotofautisha mti unaopendeza na ule unaoonekana kama ufagio wa kusafishia chupa. Wengi huacha kukunjua wakiwa wamefanya robo tu ya kazi, kisha humlaumu muuzaji.

Vyovyote utakavyochagua, funga mshipi kutoka shingo ya mti hadi kwenye vyuma vya dirisha. Mshipi hauonekani, na utauzuia mti usianguke paka au mtoto anapouparamia, au kaskazi inapopiga mapazia.

7. Maji, na mbu.

Kadirio linalotumika ni lita moja ya maji kwa siku kwa kila inchi ya kipenyo cha shina, na siku ya kwanza mti hunywa zaidi. Kwa ndoo ya mchanga, hilo lina maana ya kumwagilia asubuhi na jioni kidogo kidogo. Maji matupu yanatosha. Sukari, soda na vidonge vya aspirini havina faida, ila sukari itawaita sisimizi.

Usitumie beseni au stendi yenye maji yaliyo wazi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyapata kwa milipuko zaidi ya mara moja, hutaga katika maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku zipatazo saba hadi kumi, yaani muda ule ule ambao mti wako utasimama. Mchanga uliolowa hauna uso wa maji wa kutagia, na ndiyo sababu ninausisitiza kuliko stendi za kisasa. Sahani iliyo chini ya chungu cha araukaria nayo imwagwe kila baada ya kumwagilia. Araukaria humwagiliwa udongo wa juu ukikauka kwa kina cha pingili moja ya kidole, si kila siku.

8. Tia taa.

Tumia taa za LED pekee kwenye mti halisi, kwani hazitoi joto la kuukausha. Taa ulizotumiwa na ndugu walioko Marekani huenda ni za volti 120, na ukizichomeka katika soketi ya Kenya zitaungua papo hapo. Soma kibandiko kwanza. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, na uziwashe dukani kabla ya kulipa. Usiunganishe misururu mingi katika soketi moja ya nyongeza iliyo chini ya zulia. Zizime unapolala au kutoka, na stima ikipotea chomoa plagi, kwa sababu umeme unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo. Mishumaa isikaribie mti wowote.

9. Ushushe na kuuhifadhi.

Mti wa plastiki ushushwe taratibu, upanguswe kwa kitambaa chenye maji matamu ili kuondoa chumvi, uachwe ukauke siku nzima chini ya feni, kisha bawaba na skrubu zitiwe tone la mafuta ya cherehani. Ufunge katika shuka, uutie ndani ya sanduku la plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uweke sanduku juu ya kabati ndani ya nyumba. Chini ya mabati joto hulainisha majani yakalala moja kwa moja, na sakafuni unyevu hupanda.

Msaipresi na mvinje hukatwakatwa. Matawi membamba hutandazwa juu ya udongo wa maua, na shina huwa kuni baada ya kukauka. Mti wa plastiki uliochakaa usichomwe pamoja na taka za ua, kwani PVC ikiungua hutoa asidi na sumu hewani. Araukaria irudishe nje kwa hatua, wiki ya kwanza kivulini, la sivyo jua la Januari litaichoma. Ukifikiria kuipanda ardhini, kumbuka kwamba hupita mita 30, kwa hiyo usiiweke chini ya nyaya za umeme wala karibu na ukuta wa jirani.

MATATIZO YA KAWAIDA

Mti uliokatwa unapukutika siku ya tatu. Ama uliununua ukiwa umekauka, ama mkato umejiziba kwa sababu mchanga ulikauka. Jaribu kuukata upya na kuulowesha usiku mzima. Usipobadilika, ondoa taa, kwa kuwa mti mkavu wenye mafuta kama msaipresi hushika moto kwa kasi.

Mti wa plastiki unanuka. Ufungue na uuache barazani, penye upepo na kivuli, kwa siku mbili. Jua kali litaondoa harufu na rangi pia.

Mti wa plastiki una mapengo. Kunjua upya matawi ya ndani, kisha elekeza pengo ukutani. Matawi machache ya mvinje mabichi yakichomekwa ndani huziba mapengo, mradi uyabadilishe yanapokauka.

Matawi ya araukaria ya chini yanageuka manjano. Mara nyingi ni maji mengi au mwanga haba. Isogeze karibu na dirisha na upunguze maji. Tawi lililokwisha kukauka halitachipua tena mahali pale, kwa hivyo likate vizuri karibu na shina.

Nusu ya taa zimezimika. Katika misururu mingi balbu hupangwa moja baada ya nyingine kwa mafungu, na moja ikilegea fungu zima huzimika. Chomoa plagi, kisha zikaze moja moja ukianzia pale giza linapoanza.

Miguu ya mti imeacha alama za kutu kwenye vigae. Sugua kwa ndimu na chumvi kwenye vigae vya kauri, lakini si kwenye marumaru, kwa sababu ndimu hulila jiwe hilo. Kisha visha kila mguu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ambacho fundi yeyote atakukatia.